Vioo Vitatu

1

Kioo cha pili kilipasuka asubuhi, dhoruba ya mchanga ikiwa bado inaunguruma huko juu. Nkwimba alikuwa anakunywa uji aliposikia mlio. Aliweka bakuli chini, akavaa buti na glavu, akaenda. Mtunza vioo anayemaliza uji kwanza hafai kazi.

"Mama, kimekufa?" Sayi aliuliza kutoka chini. Alikuwa ameshika kamba iliyomfunga Nkwimba kiunoni.

"Kimekufa."

"Tunaanua matanga lini?"

"Shika kamba. Ukiniachia nitakuangukia mimi na vipande vyote."

Sayi, msaidizi wake, alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini kazi hii ilikuwa mpya kwake. Alikuwa amefukuzwa bustanini baada ya kugombana na msimamizi. Vioo alivijua kama mgeni anavyoijua nyumba ya watu: mlango wa mbele tu.

Mahali alipopanda Nkwimba paliitwa kooni. Koo lilikuwa shimo jembamba lililochimbwa kutoka chumba cha walinzi, chini kabisa ya Shimo Kuu walimoishi, hadi juu usawa wa nchi. Halikunyooka. Lilipinda mara nne, na lilipindwa makusudi, kwa sababu shimo lililonyooka lingeshusha hewa ya moto moja kwa moja hadi kwenye vichwa vya watu. Saa sita mchana huko juu yai liliiva juu ya jiwe, na mtu asiye na kivuli hakumaliza mchana akiwa hai. Hewa ya moto ikifika kwenye kona huchoka. Mwanga hauchoki, mradi uwekewe kioo.

Ndiyo maana kila kona ilikuwa na kioo. Mwanga una tabia moja: jinsi unavyokiegemea kioo wakati wa kuingia, ndivyo unavyokiegemea wakati wa kutoka, upande wa pili. Hauna ubishi wala upendeleo. Ukikiweka kioo sawasawa utaupeleka unakotaka. Ukikosea upana wa kucha, utaishia ukutani. Juu ya koo palikuwa na lenzi ya kwanza, iliyokusanya miale ya uwanda na kuikunja, na kwa kuikunja iliwasimamisha watu kichwa chini. Lenzi ya pili, karibu na mwisho, iliwarudisha miguuni. Hatimaye picha ilitua kwenye bamba la kioo cha ukungu, na walinzi walikaa nyuma ya bamba wakatazama nani anakuja.

Kioo cha akiba hakikuwepo. Madini ya fedha ya kupaka vioo yalikwisha tangu watu wa Shimo la Magadi walipofunga njia. Nkwimba alizoa vipande, akavitia mfukoni mwa aproni, akakaa kwenye kona ya kwanza akifikiri. Halafu akakumbuka tundu la zamani la hewa, lililotoka kona ya kwanza likapita ndani ya mwamba hadi kona ya tatu. Alilizibua kwa mtaimbo. Akalegeza boliti za kioo cha kwanza, akakisogeza kidogo kidogo mpaka mwanga ukaruka ndani ya tundu na kutua katikati ya kioo cha tatu.

"Unapita?" Sayi aliuliza.

"Unapita. Sasa ni vioo vitatu."

"Afadhali. Kazi ya kufuta imepungua."

Nkwimba aliwaza hesabu nyingine. Simama mbele ya kioo ushike sikio la kulia, na yule wa ndani atashika la kushoto. Kioo cha kwanza humgeuza mtu, cha pili humrudisha, cha tatu humgeuza tena, cha nne humrudisha. Waliochimba koo hawakuweka kona nne kwa bahati. Kwa vioo vitatu, kila kitu kwenye bamba kingekaa upande usio wake.

Kwa jambo hilo watunza vioo walikuwa na desturi yao, ya Shimo Kuu na ya mashimo mengine yote. Hesabu ya vioo ikiwa haigawanyiki kwa mbili, unachora mstari wa chaki kwenye fremu ya bamba. Mstari mmoja mnene. Mlinzi akiuona anajua kwamba kulia ni kushoto.

Nkwimba aliteremka akiwa na chaki mfukoni. Bamba lilionyesha vumbi la manjano tu, na katika vumbi hakuna kulia wala kushoto. Nyaya za usukani, zilizogeuza vioo vya bustani, zilikuwa zimejaa mchanga, nazo zilikuwa na haraka zaidi, kwa sababu bila nyaya bustani zisingepata mwanga siku hiyo. Atachora akimaliza, alijiambia. Akapiga magoti, akaanza kufuta nyaya.

2

Luhende aliingia na jagi lake la maji, akakaa kwenye kigoda mbele ya bamba. Alikuwa mkuu wa lango, mtu mnene wa shingo, mdogo wake Mhoja aliyekuwa mume wa Nkwimba.

"Shemeji."

"Shemeji."

Ilikuwa salamu yao yote. Tangu Mhoja afe hawakuwa na maneno mengi. Kila mmoja alikuwa na lake rohoni, na lilikuwa lilelile.

Dhoruba ilianza kutulia. Kwanza vumbi liligeuka jeupe. Kisha ndani ya weupe vikatokea vijiti vyeusi, vijiti vikawa watu. Hawakufika kumi. Walitembea kwa safu, wamejifunika maturubai. Vumbi lilikuwa bado limefika kiunoni, likafunika mawe, njia, na lile lori bovu la wachimbaji wa zamani lililooza kando ya njia. Vilionekana vifua, mikono na vichwa tu, vikielea.

"Magadi," Luhende alisema. "Hakuna wengine wanaoshona turubai vile."

Sayi alisogea. "Wametembea usiku kucha ndani ya dhoruba? Wana wazimu."

"Angalia vitambaa."

Kila shimo lilijua sheria ya vitambaa. Anayekuja kuomba hufunga kitambaa chekundu mkono wa kulia, mkono anaolia chakula. Huyo ni lazima afunguliwe kabla ya saa sita, hata kama ni adui, kwa sababu kumwacha nje ni kumuua. Anayekuja kudai damu hufunga mkono wa kushoto, ili walio ndani wafiche watoto na kujiandaa. Huyo akipita mawe meupe ya mpaka, walio ndani wanaruhusiwa kumchoma, na hakuna atakayedai fidia.

Vitambaa vilikuwa vinaonekana vizuri. Vyote vilikuwa mkono wa kushoto.

"Kushoto," Luhende alisema taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Wote. Mwenyezi Mungu amewaleta mwenyewe."

Nkwimba alisimama. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukaigusa chaki.

"Yule wa mbele anachechemea," Sayi alisema. "Nilidhani ni Ngasa, yule bawabu wao. Lakini Ngasa mguu wake mbovu ni wa kushoto, na huyu anachechemea kulia. Magadi wamejaa viguru nini?"

"Kila aliyebaki kule amelemaa," Luhende alisema. "Ama mguu, ama roho."

Sayi akacheka. Nkwimba alikuwa anamtazama yule wa mbele. Alivyotupa bega kila alipokanyaga. Alivyoinua kidevu. Alimwona mara moja tu maishani, siku alipokwenda na Luhende kuchukua maiti ya Mhoja nje ya lango la Magadi, lakini bega lile alikuwa analiota. Ngasa alikuwa amesimama ndani ya kivuli cha lango lake akiwaangalia wakikusanya kile kilichobaki. Hakutoka hata hatua moja. Magadi walisema Mhoja alikuja amefunga kushoto. Shimo Kuu nzima iliwaita waongo. Nkwimba mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa kile, mkono wa kulia, akakaza fundo kwa meno.

Ngasa alikuwa anakuja kuomba. Nkwimba peke yake ndiye aliyelijua hilo chumbani mle.

"Shemeji," Luhende alisema bila kugeuka. "Nyaya ziko tayari?"

"Ziko tayari."

"Basi shika usukani."

3

Ukingoni mwa Shimo Kuu vilisimama vioo vikubwa mamia, kila kimoja kikubwa kama mlango. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuelekea katikati ya shimo, kwenye lenzi kubwa iliyoitwa Jicho. Jicho lilipokea mwanga wa vioo vyote, likaukunja ukawa mkanda mmoja mwembamba, na mkanda ukashuka hadi bustanini kulisha mahindi na maharage. Jicho lenyewe halikuwa mali ya Shimo Kuu. Babu zao walilichukua kutoka Magadi, wao walisema kwa kununua. Magadi walisema kwa kuiba. Huko ndiko ulikoanzia ugomvi wote.

Usukani ukizungushwa upande wa pili, vioo viliinua nyuso na kutazama nje, kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya mawe meupe. Kioo kimoja kilitupa doa la mwanga lisilomuumiza mtu. Madoa yote yakilala moja juu ya jingine, mahali pamoja, chuma kiliyeyuka.

Nkwimba alishika usukani kwa mikono miwili. Alijua kila mlio wa kila waya. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuyakusanya madoa yale bila kuyatawanya.

"Wamefika kwenye mawe?" aliuliza.

"Mawe hayaonekani," Sayi alisema. "Vumbi. Lakini hawako mbali."

"Ngoja wafike. Sheria ni sheria," Luhende alisema. Akamimina maji kikombeni, akanywa, akafuta mdomo. "Kaka yangu alisimama nje ya lango lao tangu asubuhi. Aligonga mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Niliviona viganja vile, shemeji. Wewe nilikukataza usivione."

"Nilivifunua nikaviona."

"Basi unajua."

Alijua. Alizungusha usukani, na huko juu vioo vikainua nyuso. Mkanda wa bustani ulizimika. Mbali, watu wa bustanini walipiga kelele za kuuliza. 

Hakuhitaji kusema uongo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Angezungusha tu, kama alivyoamrishwa na mwenye haki ya kuamrisha, kwa vitambaa ambavyo watu wawili wengine wameviona kushoto. Vumbi likitua na lori likionekana upande usio wake, watasema alisahau chaki kwa sababu ya dhoruba. Mjane wa Mhoja, nani angemnyooshea kidole? Wangemletea kuku.

Na Ngasa angekuwa majivu.

Alitaka iwe hivyo. Alitaka kwa tumbo, jinsi mtu anavyotaka maji. Akazungusha tena kidogo.

"Wamesimama," Sayi alisema. "Wanainua mikono. Wanatuonyesha vitambaa." Sauti yake ilibadilika. "Kwa nini mtu anayekuja kupigana aonyeshe kitambaa namna hiyo, kama mtoto anayetaka kujibu swali?"

"Wanatutukana," Luhende alisema.

"Wanatutukana huku mikono ikitetemeka?"

"Sayi, funga mdomo au rudi kwenye maharage yako."

Jua lilikuwa limepanda sana. Mmoja wa safu, aliyekuwa wa mwisho, aliyumba. Akazama katika vumbi. Hakuinuka. Wawili waliinama, mikono yao ikatafuta chini kwa kupapasa. Yule mwenye kuchechemea hakuinama. Alibaki ameinua mkono wenye kitambaa, anatazama juu, kwenye lenzi ya koo, kana kwamba anajua kuna mtu nyuma yake.

Nkwimba alimtazama yule aliyeanguka, mahali alipokuwa. Vumbi lilikuwa limejifunga tena juu yake. Yule hakuwa Ngasa. Huenda siku ya Mhoja hakuwa hata karibu na lango.

Aliachia usukani. Akaenda kwenye bamba, akatoa chaki, akachora mstari mmoja mnene kwenye fremu, toka juu hadi chini.

 Luhende aliuangalia mstari kama mtu anayetazama nyoka kitandani.

"Nini hiki?"

"Unakijua."

"Lini?"

"Asubuhi. Kioo cha pili kilipasuka. Viko vitatu."

Sayi alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha akamtazama yule mwenye kuchechemea, akashika kichwa. "Ni Ngasa! Mguu wa kushoto! Yaani wamefunga kulia!"

"Anadanganya," Luhende alisema. Alikuwa amesimama, shingo imevimba. "Umewaonea huruma, basi unatunga. Uliwajua asubuhi, ukanyamaza mpaka sasa? Mtunza vioo gani huyo?"

"Mbaya."

"Thibitisha."

Nkwimba alirudi kwenye usukani, akafunga nyaya zote isipokuwa moja. "Huu ni waya wa kioo kimoja. Nikiuvuta kwangu, doa linakwenda kulia. Umeniona nikifanya hivi mara ngapi?"

"Nyingi."

"Tazama bamba."

Akavuta. Doa jeupe lilitokea juu ya vumbi, kando ya watu. Likateleza kushoto, taratibu, kwenye bamba zima, mpaka likatoka pembeni.

Luhende alisimama na kikombe mkononi. Huko nje wale watu waliliona doa likiwapitia. Hawakukimbia. Hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Walisogeleana tu.

"Sawa," Luhende alisema mwishowe. Aliongea chini, kama anayeongea na mgonjwa. "Sawa, shemeji. Umesema kweli. Sasa futa chaki."

"Nini?"

"Futa. Tumeona kushoto. Mimi nimeona, Sayi ameona. Hakuna mwingine. Yule pale ni Ngasa, umemtambua kabla yetu, najua umemtambua. Unataka nimfungulie? Nimpe mkeka alale? Kaka yangu alikuwa na kitambaa kulia!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemfunga."

"Basi futa!"

"Mimi nilishahesabiwa ndani?" Sayi aliuliza. "Maana sijasema kitu."

"Umekwisha hesabiwa."

Nkwimba aliutazama usukani.   Alikuwa na chaki vidoleni na mtu mmoja aliyelala juani kwa sababu yake.

"Njoo uzungushe wewe," alisema.

"Mimi sijui kukusanya madoa."

"Nitakufundisha. Waya huu, kisha huu, kisha ule. Polepole. Ukiona moshi, kaza. Njoo, shemeji. Sogea. Nimetoa mikono yangu."

Luhende alisogea. Aliweka kiganja juu ya usukani. Chuma kilikuwa bado na jasho la Nkwimba. Alikaa hivyo, anahema kwa nguvu kwa pua, macho kwenye bamba, na jua likazidi kupanda. Kisha akauondoa mkono, akaupangusa kwenye suruali kama aliyeshika uchafu.

"Fungueni," alisema. "Halafu nisimwone mbele yangu. Nikimwona nitamuua kwa mikono, na hiyo haihitaji kioo."

Akatoka, akaupiga mlango ukutani. Kikombe chake kilibaki juu ya kigoda.

4

Waliingia wakitambaa. Ukumbi wa lango ulikuwa na giza la ubaridi, na kila aliyevuka kizingiti alianguka kwenye sakafu akaweka shavu pale. Watu wa Shimo Kuu walikuwa wamejaa pande zote mbili, hawakuwasogelea. Mwanamke mmoja alitema mate. Mtu akasema kwa sauti, "Wezi wa uhai wa watu, leo mmekuja kuomba kivuli?" Mwingine akadakia, "Waulize Mhoja yuko wapi!"

Wa mwisho aliletwa juu ya turubai. Alikuwa mwanamume, kijana kidogo, ndevu zimeanza. Mwenzake alimwagia maji kifuani, akamzaba makofi, akamwita. Baadaye akaacha. Akamfunika uso kwa kile kitambaa chekundu cha mkononi.

Nkwimba aliviona vyote hivyo akiwa amesimama karibu na mtungi. Alijaribu kukumbuka ni lini hasa mtu yule alianguka. Kabla hajazungusha mara ya pili, au baada? Ilikuwa baada.

Ngasa alijiinua, akaegemea ukuta, amesimama kwa mguu wake mzima. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliangaza macho mpaka akampata.

"Wewe ni mke wa Mhoja."

"Nilikuwa."

"Bustani zetu zimekufa. Lenzi yetu ndogo imepasuka. Tumekuja kuomba mwanga, hata mkanda mwembamba, mpaka tupate nyingine." Alimeza mate, hayakuwepo. "Waliniambia nisije. Walisema nikija mimi tutachomwa wote. Lakini njia naijua mimi peke yangu, na nilikuwa na neno."

"Lenzi yetu mnayo pale juu!" mwenzake mmoja alipayuka, akionyesha Jicho. "Hatuombi, tunadai!" Kelele zikaripuka pande zote. Sayi aliingia katikati amenyoosha mikono, akasema kwamba anayetaka kupigana atoke nje akapigane juani, na hakuna aliyetoka.

Nkwimba hakuwa amegeuza macho. "Neno gani?"

"Siku ya mumeo. Tulisema alifunga kushoto."

"Mlisema."

"Tulimwona hivyo. Bamba lilionyesha hivyo." Aliteremka kidogo ukutani. "Kioo kimoja cha koo letu kilikuwa kimeshushwa kwenda kupakwa upya, mwanga ukipitishwa njia ya mkato. Walinzi hawakujua. Wakaona kushoto, wakafunga."

Ukumbi ulianza kunyamaza, watu wa karibu kwanza, kisha wa nyuma.

"Bawabu wa Magadi ndiye pia mtunza vioo," Nkwimba alisema. Hakuwa anauliza. "Kioo ulikishusha wewe."

"Mimi."

 Kulikuwa na maswali mengi ambayo mjane angeuliza. Alipiga kelele? Alimtaja nani? Lakini lililotoka kinywani mwake lilikuwa swali la kazi, ambalo ukumbini humo ni wao wawili tu, na labda Sayi, waliolielewa.

"Na chaki?"

Ngasa alifumba macho. Mkono wake ulikwenda wenyewe pembeni mwa suruali, ukaishika nguo pale mfukoni.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa nimeishika."

"Muda gani?"

"Mpaka akaacha kugonga."

Mtu nyuma alianza kulia kwa kelele. Mwingine akaita Luhende aletwe, aje asikie mwenyewe, na miguu ikasikika ikikimbia kwenye ngazi. Sayi alimwangalia Nkwimba kwa hofu. Yeye alikuwa hajasogea. Alikuwa anaupima ule muda. Asingejua urefu wake jana. Leo aliujua, alikuwa ameutembea kipande.

Akageuka, akachota maji kwenye mtungi, kikombe kimejaa. Akamwendea Ngasa, karibu kabisa, mpaka akasikia joto likimtoka mwilini.

Kisha akakihamisha kikombe, akampa kwa mkono wa kushoto.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mbwa ndiye anayepewa hivyo, na hata mbwa si kila mbwa. Magadi mmoja alinyanyuka kwa hasira, wenzake wakamshika.

Hapakuwa na kioo kati yao. Kila mtu aliona ni mkono gani.

Ngasa naye aliuona. Alinyoosha mikono yake yote miwili, iliyopasukapasuka, akakipokea kikombe, akainamisha kichwa, akanywa.